Salamu kwa Fundi wa Kiti

Kasulu

Kaka Fidele, shikamoo.

Hatujambo. Shamba la Titye limetoa maharage mazuri, na mbuzi wako kazaa mapacha.

Umeniuliza ni maonesho gani ya useremala yanafaa ufunge safari kutoka Kibondo. Yale ya mnadani achana nayo, vanishi tupu na muziki wa kuziba masikio. Njoo haya ya hapa mjini. Hapa watu hukipindua kiti kwanza wakakitazama chini, kama baba alivyotufundisha.

Safari hii nilikwenda naye. Alipindua kiti kimoja cha mninga, akapapasa viungo visivyo na msumari hata mmoja, akatabasamu. "Urakoze," akakiambia. Unajua ahsante yetu ya nyumbani: maana yake umefanya kazi. Kisha akanigeukia: "Mama, mtafute fundi huyu, umpe salamu zangu."

Kaka, kiti ni chake. Nilikitoa sebuleni mwenyewe nikakipeleka. Ndicho alichokitengeneza ulipooa.

Maonesho mengine ni mwakani, lakini usiyangoje. Zile salamu bado ninazo, na kila asubuhi ananiuliza kama zimefika.

Mdogo wako,
Niyonsaba