Nepi za Barbora

18 Aprili 1948

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi. Kifua kimeacha kukusumbua huko msituni mnakojificha? Sisi wazima, na tumeongezeka: nimejifungua binti, Barbora. Ana paji la uso lako, pana kama ubao wa kukatia mkate. Baba yake anasema hilo sasa halina dawa.

Nataka wewe ndiye umshike siku ya ubatizo. Padri atakuja hapa nyumbani kimyakimya. Taja siku. Barua naiacha kwenye ule mzinga mtupu wa nyuki, pamoja na jibini.

Mdogo wako

2 Mei 1948

Mdogo wangu,

Kifua kinanung'unika kidogo tu. Jibini iliisha kabla sijamaliza kusoma. Nitakuja Jumapili, tarehe 16.

Sasa soma polepole, maana wewe hurukaruka mistari. Wakubwa wetu wamepanga wilaya upya. Kijiji chenu wamepewa wapiganaji wa ng'ambo ya mto Nemunas, na mimi nimehamishiwa kwao. Alama zao ni kinyume cha zetu. Zamani kitambaa cheupe kambani kilisema askari wapo, usije. Kuanzia sasa cheupe ni njoo, kamba tupu ni rudi.

Mwambie Barbora asiogope ndevu.

Kaka yako, na sasa mjomba wa mtu

20 Mei 1948

Kaka,

U mzima? Nijibu hata neno moja.

Jumapili walifika askari wa Kirusi wanne, kabla ya padri, wakakaa. Barua yako niliielewa, nakuapia. Nilitoka nikaanua nepi zote nyeupe kambani, nikazitumbukiza tena kwenye beseni, nikasema zimeshika vumbi. Barbora akalia, nikaingia kumnyonyesha. Moyo ulikuwa umetulia, kaka. Nilijua nimekuokoa.

Askari mmoja, mtu mzima, mpole, akaniona nimechoka. Akasema, "Pumzika, mama. Nina wa kwangu nyumbani, kazi hii naijua."

Nikamwona dirishani anazisuuza, anazianika moja moja, anazinyoosha kingo. Ningesema nini? Leo ninayo majibu mia. Siku ile nilisema asante.

Kisha risasi mbili, upande wa mtoni.

Mdogo wako

9 Oktoba 1949

Kaka mpendwa,

Hujambo? Barua zangu tatu bado zimo mzingani, moja panya ameanza kuila.

Kila askari wanapozilaza maiti za wenzenu sokoni, mimi huenda kutazama, macho makavu, kwa kuwa anayelia huchukuliwa yeye na ndugu zake. Sijakuona hata mara moja. Basi nasema labda wilaya zimepangwa tena, ukapelekwa mbali, kwenye alama nisizozijua.

Padri amembatiza Barbora. Jirani alimshika kwa niaba yako tu, nafasi ni yako.

Sasa anatembea, na nepi hazihitaji tena. Lakini kila asubuhi, askari wakiwa hawapo, nazianika zote, na kingo nazinyoosha.

Mdogo wako