Mtu wa Kumi

Mtaa wa Observatory, Jumamosi, Septemba 2019. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na roho yangu haijatulia.

Nina aibu leo. Bora niseme mapema.

Mimi ni mlinzi wa sinagogi la Wayahudi, Muislamu niliyekuja nchi hii kutoka Tanga. Wenzangu msikitini hunitania, eti lini nitakuwa rabi. Zamani humu watu walijaa. Watoto wao wamehamia Australia, wamebaki wazee. Wiki jana mtu alichora ukutani maneno ya kuwafukuza nchini. Na mimi wiki hii nasakwa: mtaa wa jirani, Yeoville, watu wenye marungu wanatafuta wageni, na mke wangu Zuhura amefunga kibanda chake cha biashara.

Siku ya Sabato wazee hawa hawagusi simu wala umeme, na hawatutumi kazi sisi walinzi. Hugusia tu. Mzee Solly akisema, "Humo ndani giza," mimi naenda kuwasha taa. Miaka minne sijawahi kukosea.

Leo ni kumbukumbu ya siku aliyofariki mkewe. Kuna dua ya marehemu wasiyoweza kuisoma mpaka wanaume wao watimie kumi. Walikuwa tisa. Wa kumi, Mzee Hymie, anaishi peke yake upande wa Yeoville, na siku hizi hathubutu kutoka bila mimi kumsindikiza.

Mzee Solly akaja getini, akatazama barabara. "Sijui Hymie atakuja na nani leo," akasema.

Nilielewa. Nikajitia hamnazo, nikashughulika na kufuli lisilo na tatizo lolote.

Mlinzi mwenzangu Themba alikuwepo, geti lisingebaki bila mtu. Niliogopa tu. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nikajiambia.

Waliswali bila dua ile. Mzee Solly alipotoka alinishika mkono, akauliza kama Zuhura na watoto wako salama. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa ni saa kumi alasiri. Jioni wanarudi kuswali tena, na siku ya marehemu inaisha jua likizama. Ikipita, ni kungoja mwaka mzima. Mzee Solly ana miaka themanini na minane.

Zuhura ameniandikia kwenye simu: "Baba Aisha, usitoke hapo. Nakuomba."

Nimemwachia Themba geti.

Zuhura nitamjibu nikisharudi na Mzee Hymie.