Kosa la Tarehe Thelathini na Moja

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima nimefungiwa na programu mbili za kuhesabu likizo za wafanyakazi. Dirisha halifunguki. Simu imebaki kwa mlinzi, ambaye hunisindikiza hata msalani. Nilimwomba radhi kwa usumbufu. Akacheka: afadhali mimi, mtaalamu wa juzi alikuwa akiimba!

Kampuni kongwe inadai kwamba binti mmoja, mwenye kampuni changa, ameiba programu yao. Nimeajiriwa na upande wa binti, nizilinganishe programu hizo kwa ajili ya mahakama. Hadi jioni sijaona mstari hata mmoja unaofanana. Mungu ashukuriwe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeliona.

Mfanyakazi akiacha kazi tarehe 31, programu ya kampuni kongwe humhesabia likizo mara mbili. Kosa la kipekee. Nikaijaribu ya binti — vivyo hivyo! Watu wawili wasiojuana huweza kupata hesabu moja iliyo sahihi. Lakini kukosea namna hii, wote wawili? Majina yamebadilishwa, mpangilio umegeuzwa. Kosa limehama na virago vyake.

Naamini binti hajui. Aliyeandika programu ni mshirika wake. Tulipokutana kwa wakili, binti aliniachia kiti chake: "Kaa hapa, Babu, mgongo wako nao usije ukanishtaki."

Jumatatu, 10 Machi

Nilimweleza wakili wetu. Akafunga mlango. Akasema nimeulizwa tu kama mistari inafanana; haifanani, basi niandike hivyo. Nikaomba, kwa unyenyekevu, nijitoe.

"Mzee wangu, jina lako liko mahakamani tayari. Ukitoka leo, watauliza umekimbia nini."

Na binti je? Siruhusiwi kumwambia. Nimetia saini kwamba niliyoyaona katika chumba kile cha programu nitamweleza wakili peke yake.

Ripoti nayo nimeitia saini. Kila neno lake ni kweli. Laiti marehemu mke wangu angekuwapo, anigombeze kidogo.

Jumatano, 19 Machi

Mahakamani. Niliapa, mkono juu ya Biblia. Wakili wa kampuni kongwe alinizungusha asubuhi nzima kwa adabu kubwa, kisha: je, kuna jambo nililoliona ambalo halimo katika ripoti?

Wakili wetu akaruka kupinga. Jaji alimsikiliza, akamkatalia. Nitajibu baada ya mapumziko, na hadi hapo nisizungumze na mtu yeyote.

Basi nimeketi peke yangu katika chumba cha mashahidi, karani mlangoni. Naandika ili mikono ipate kazi — mwandiko huu mbaya, naomba radhi.

Binti amekuja na chai. Karani akamzuia, naye akakipitisha kikombe juu ya mkono wa karani.

"Usinijibu, Babu, najua umekatazwa. Wanakutesa bure hawa! Wewe waambie yote uliyoyaona. Sisi hatuna cha kuficha."

Nikainuka. Nikainamisha kichwa. Akadhani namshukuru.

Chai bado ya moto. Karani ananiita.