Mpaka Mionzi Iishe

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku wazima, ila usingizi tumeusahau. Mjukuu wako kaanza kutambaa na nyumba nzima inamfuata nyuma. Mpira wa mkojo bado unakusumbua? Nimefurahi umekubali kutibiwa hiyo tezi dume. Ukitoka hospitali njoo moja kwa moja kwetu. Ana miezi saba na hujamshika hata siku moja. Kisingizio cha mpira sikitaki tena.

Mwanao

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, namshukuru Mungu. Baba kumsimulia binti habari za mkojo! Haya, dunia imekwisha, sikiliza. Walipenyeza kijibomba kwenye mshipa wa paja, wakatanguliza dawa yenye mionzi kidogo ili kamera ione damu inaelekea wapi, wasije wakaziba mshipa wa kibofu. Nikaiona picha: tezi inawaka kama balbu! Ndipo wakaziba mishipa yake ili isinyae. Mpira utatolewa baadaye. Fundi wa picha akaniambia, "Mzee, leo usimbebe mtoto mdogo." Basi mwambie mchumba wangu avumilie. Siji mpaka mionzi iishe.

Baba yako, fundi umeme mwenye umeme wake

23 Machi

Baba,

Shikamoo. Hatujambo. Si umesema mwenyewe fundi wa picha alikwambia "leo"? Leo ile imeshapita. Nimemuuliza muuguzi kliniki, mtoto alipokuwa akipimwa uzito. Kasema kesho yake ungebeba hata mapacha. Njoo. Nimechoka, Baba. Na mimi nataka mtu anipokee mtoto nilale.

Mwanao

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole na uchovu. Muuguzi wako hakuiona ile picha. Vijana wangu kazini nimewafundisha miaka yote: waya hauguswi kwa kuambiwa, unaguswa ukishaupima. Mimi kanipima nani? Lakini nina habari njema. Tangu juzi mwili unachemka, natetemeka, mkojo umekuwa mchafu. Mionzi inatoka! Ikiisha naja. Wewe usije, ukija na mtoto sifungui mlango.

Babu wa mchumba

9 Aprili

Baba,

Salamu baadaye. Hiyo si mionzi, ni maambukizi. Nenda hospitali leo hii! Simu hushiki, ndiyo maana barua hii nampa dereva wa basi anayeondoka sasa hivi. Kesho napanda gari na mtoto. Nitagonga, na usipofungua nitavunja.

Mwanao

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila hiyo.

Hukufungua, kama ulivyosema. Nikavunja, mimi na jirani yako seremala. Wodini daktari alikwambia kwa kinywa chake, "Mzee, mionzi iliisha zamani. Mshike mjukuu." Ukatikisa kichwa. Kila nilipomsogeza ulificha mikono chini ya shuka, huku unamchekea: "Mchumba, kaa huko, babu yako moto." Na kweli ulikuwa moto. Maambukizi yalishaingia kwenye damu.

Nilikukasirikia, Baba. Mpaka leo nimekukasirikia. Mtu anampendaje mtoto hadi akatae kumgusa?

Ulipokata roho, muuguzi alitaka kukufunika. Nikamwambia, ngoja kwanza. Nikaitoa mikono yako nje ya shuka, nikamweka mtoto katikati yake. Akakishika kidole gumba chako, akakivuta, kisha akakuangalia usoni akingoja ucheke.

Nikamwacha angoje.

Mwanao