Barua Uliyoifukia kwa Babu Nyamawi

Mama,

Shikamoo. Naomba kwanza radhi yako kwa miezi hii yote niliyokaa bila kukuandikia. Kalamu nimeishika mara nyingi, nikaiweka. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliipata? Sisi huku Marekani wazima, alhamdulillahi, ila mimi nimechoka. Tangu alfajiri nafua mashuka ya hospitali; nikirudi, mwanao Hamisi anatoka kwenda kazini kwake, nami nabaki na mjukuu wako Juma mpaka jioni.

Kwa simu nisingeweza. Mwanao husikia, nawe simu huiweka sauti kubwa, kina Mwanasha wote wasikie. Na kuna jina sitaki kulitamka humu ndani. Kuliandika naweza.

Unaikumbuka ile barua ya kwanza, mwaka tuliofika. Ilianguka kupitia tundu la barua la mlangoni, Hamisi akaiokota, akasoma juu ya bahasha: Bwana Nyamawi. Akaiachia kama imemuunguza.

"Si jina la babu yako hilo?" nikamuuliza.

"Babu alikufa niko darasa la pili. Nani huku anamjua?"

Tukaifungua. Kiingereza changu kidogo kilitosha: serikali inamtaka Nyamawi aandikishe jina lake, ili vita vikija ajulikane alipo.

Tulikupigia siku ile ile. Ukatukumbusha jinsi babu, alipokuwa kijana, alivyojificha kayani, kule msituni, chifu akikusanya vijana wa kupelekwa vita vya Wazungu, na jinsi hata uzeeni, akisikia gari limesimama, aliuliza, "Wamenijia?" Ukasema, "Msiitike! Mtu haitikii sauti kabla hajamwona mwenye kuita. Anayetakwa ni mzee, mrudishieni barua yake." Basi Saumu, jirani yetu huku, alipokuja Msambweni kwao likizo tukampa akuletee. Ukaifukia kichwani pa kaburi, ukachoma ubani. Zilikuja nyingine mbili, nikazichana bila kuzifungua. Kisha zikakoma. Tukashukuru.

Mama, nasema kwa heshima: tulikosea sote watatu. Aliyeitwa alikuwa Hamisi. Huku wanamwita mtu kwa jina la mwisho la pasipoti, na mwanao ni Hamisi Juma Nyamawi. Sheria inamtaka kila mwanamume ajiandikishe kabla ya kutimiza miaka ishirini na sita, hata mgeni aliyekuja kwa kura ya viza kama sisi. Hakuna aliyekuwa akimpeleka popote. Ni jina kukaa daftarini tu. Sasa ana ishirini na saba, na hata akitaka hawamwandiki tena.

Tuliyajua haya siku ya mahojiano ya uraia. Afisa, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, alitokea mlangoni akaita, "Bwana Nyamawi?" Hamisi hakuinuka. Nikampiga kiwiko. Akaita tena. Mwanao alikuwa anatazama viatu vyake. Mara ya tatu Juma, na miaka yake mitatu, akashuka mapajani mwangu, akasimama wima, akasema, "Labeka."

Ndani akaulizwa kwa nini hakujiandikisha. Akajibu, "Aliyeandikiwa alikwisha kufa."

Yule mama akaacha kuandika. "Nani amekufa?"

"Nyamawi."

"Nyamawi si wewe?"



Tumepata wakili. Kwanza alicheka: "Nimetetea waliosahau, nimetetea waliohama nyumba. Wa kuipeleka barua kaburini ndiye wewe wa kwanza!" Kisha akaacha kucheka. Sheria imeandika kifungo na faini, ingawa yeye hajaona aliyefungwa kwa hilo. Kinachouma ni kwamba Hamisi atanyimwa uraia, na kazi ya serikali aisahau, mpaka tuthibitishe kwamba hakukaidi kwa kujua. Tumepewa siku sitini.

Kuna jingine. Tangu siku ile Juma huacha kucheza mchana kweupe, theluji nje imetulia haina hata unyayo, akaenda mbele ya tundu la mlangoni na kuitika. Nikimuuliza nani kakuita, husema, "Mzee. Ana mchanga mdomoni." Mama, mtoto huyu hajafika huko kwenu Mwabungo. Kaburi hajaliona, wala hatujamsimulia.

Hamisi anasema tuache, tusimchokoze babu. Mimi nimekataa. Cheti cha Juma nacho kimeandikwa Nyamawi. Akifika miaka kumi na minane barua itaanguka mlangoni, na siku hiyo nataka baba yake awe amekaa naye mezani, waifungue pamoja.

Nisalimie shangazi Mwanasha aliyenikanda nilipoolewa, na mjomba Rashidi fundi wa baiskeli. Mamangu mzazi kule Kikoneni mwambie mjukuu wake sasa anakula muhogo.

Saumu yuko huko tena, anarudi mwisho wa mwezi. Mpe hivi. Kiapo chako, utakachoapa mbele ya wakili hapo Ukunda, kikisema wazi kwamba wewe ndiye uliyetukataza tusiitike, na sababu yake; usione haya, andika yote. Cheti cha kuzaliwa cha Hamisi, chenyewe, si nakala. Cheti cha kifo cha babu; kama hakikufanywa, barua ya chifu yenye muhuri.

Na ile barua. Wakili anataka kuona jina lilivyoandikwa. Ifukueni mchana, mjomba Rashidi awepo, na hata ikiwa imeoza iwekeni kwenye mfuko wa nailoni pamoja na udongo wake. Ukiishika, mwambie babu kwa jina lake kwamba hawakumjia yeye. Walimtaka mjukuu wake, na hawampeleki vitani. Mwambie amwache Juma.

Akikuitika, mama, hilo usiniandikie.

Mkazamwanao,
Mwanahawa