Jua la Privatus Katika Ghala la Kahawa

Kibeta,
S.L.P. 213,
Bukoba,
Mkoa wa Ziwa Magharibi.
6 Oktoba 1974

Mpendwa mdogo wangu Privatus,

Nakusalimu kwa furaha ambayo karatasi hizi mbili hazitaitosha. U hali gani huko Leningrad? Kifua kimepona? Na masomo ya mitambo ya simu yanakwendaje? Nilipomsomea Mama kwamba huko mto unaganda mpaka watu wanatembea juu yake, alisema umeanza kumtania tangu uvuke maji. Kula vizuri, tafadhali. Katika ile picha shingo imebaki fimbo.

Sisi sote ni wazima. Watoto wanasoma. Migomba imestahimili ukame kuliko tulivyotegemea, ingawa chakula si kama miaka ile. Goti la Mama limetulia, na sababu yake nitakueleza. Shemeji yako Rwegasira ni mzima na mbishi kama ulivyomwacha.

Sasa keti vizuri, maana dada yako ameshinda!

Unakumbuka aibu yetu ya mwaka jana. Vifaranga mia moja wa kikundi cha akina mama tuliwawekea jiko la mkaa ndani ya lile ghala la zamani la kahawa, tukaziba madirisha ili joto lisitoke, na hewa ya mkaa ikawamaliza wote. Kibeta nzima ilitucheka. Mzee Lwakatare, mwenyekiti wa tawi, alisimama mkutanoni akasema tunapewa nafasi moja tu ya mwisho: vifaranga wakifa tena, tunarudisha ghala na litakuwa kilabu cha pombe. Wanaume walipiga makofi kuliko siku ya Saba Saba. Niliumia, Privatus. Nilirudi nyumbani nikalia jikoni, na moshi ukanisaidia kusingizia.

Ndiyo maana nilikuandikia ile barua ya kukusumbua, nikiuliza kama kuna joto lisilo na mkaa. Na taa uliyompa mwanafunzi mwenzako Anatory aliporudi nyumbani ilifika salama ndani ya blanketi lake mwezi wa nne, siku tatu kabla ya meli kuleta vifaranga wengine mia moja kutoka Mwanza. Kitako chake ni cha kusokota na holda zetu ni za kubana, kwa hiyo fundi Mushumbusi alihangaika kutwa nzima kutafuta holda ya kuifaa. Tulipoiwasha, watu waliojaa mlangoni walianza kukusikitikia. Taa kubwa hivyo, nyekundu, na haitoshi hata kusomea barua! Walisema Wazungu wamekuuzia taa mbovu.

Nikatoa barua yako nikawasomea kama padre anavyosoma waraka wa askofu. Nikawaeleza kwamba kazi ya taa hii si mwanga, ni miale ya infraredi, ambayo jicho haliioni ila ngozi inaijua. Kwamba ni ndugu wa hiyo mikrowevu unayosomea wewe, inayobeba sauti za simu kutoka mnara hadi mnara bila waya. Nikasoma mara mbili pale ulipopigia mstari: joto lake huenda kama la jua, hupasha kile linachokiangukia, basi tusiweke kitu chochote katikati. Akina mama walielewa. Rwegasira alikuwa anapiga miayo.

Jumapili ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua yenye baridi ile unayoijua. Tulikwenda misa, tukamwacha Rwegasira alinde ghala, kwa sababu alidai miguu inamuuma. Tuliporudi saa tano nilisikia vifaranga wanalia tangu barabarani. Taa inawaka vizuri kabisa. Lakini juu ya boma lao, chini ya taa, mume wangu alikuwa amelaza fito, na juu ya fito amepanga mikungu mitatu ya embire, ndizi za pombe, amezifunika majani! Chini yake vifaranga wamelundikana kona moja, wanapandana, na watano wa chini wamekwisha kufa.

“Waitu, mke wangu, Mama Ishengoma, usinitazame hivyo,” akasema. “Ndizi zinataka joto na vifaranga wanataka joto. Hapa kuna moto usio na moshi. Kuna ubaya gani?”

Kumbe alikuwa anaivisha ndizi za kutengenezea rubisi, pombe ya arusi ya mpwa wake, na kwa kuwa tangu azaliwe ameona ndizi zikiivishwa juu ya meko, akili yake ilimtuma hapo. Nilivuta fito zile kwa mikono yangu miwili na mikungu ikaanguka sakafuni. Mwanga mwekundu ukawafikia wadogo wale, nami nikapiga magoti kwenye maranda na gauni langu la kanisani, nawatenganisha mmoja mmoja. Nilijua nikipoteza hawa nimepoteza ghala, na uso wangu siutoi nje tena.

Hazikupita dakika kumi, wakatulia. Walitawanyika chini ya taa kama mtama ulioanikwa, wengine wakalala wamenyoosha mabawa. Privatus, nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu!

Kisha nikamwita Rwegasira azishike ndizi zake. Upande uliotazama taa maganda yamebabuka meusi na ya moto; upande uliotazama vifaranga ni mbichi na baridi kama zimekatwa sasa hivi. Akagusa upande wa juu, wa chini, wa juu, wa chini. Joto lote lilikuwa limeishia kwenye mikungu yake. Tangu siku hiyo huyo ndiye mlinzi wetu mkuu. Ukimsikia anavyowaeleza wageni habari za infraredi utadhani ndiye aliyekupeleka Ulaya ukajifunze.

Wanne walikuwa wamekufa kwa uchovu wa safari, watano wakaenda na rubisi, wengine wote wapo. Kuku tisini na mmoja! Mwezi uliopita mkutano ulipitisha kwa kunyoosha mikono kwamba ghala ni la akina mama, na Mzee Lwakatare mwenyewe aliandika kwenye kitabu. Sasa salamu zake zinaanzia mbali.

Vifaranga walipoota manyoya, taa tuliihamishia kwa Mama, maana sista wa zahanati alituambia hata hospitali hupasha viungo kwa taa za namna hiyo. Tunaiweka mbali kidogo na goti, dakika chache kila jioni. Anaiita “jua la Privatus” na hataki iguswe.

Unasalimiwa na Rwegasira, Ishengoma na wadogo zake, fundi Mushumbusi, na Kokwijuka jirani yetu ambaye bado anauliza kama umeoa Mrusi.

Jambo moja nimeliweka mwisho makusudi. Yai la kwanza lilitagwa Jumatatu. Mzee Lwakatare alikuwepo, akanyoosha mkono kulipokea, kwa sababu unajua kwetu mwanamke hufuga kuku, lakini kuku na mayai huliwa na wanaume tu. Nikampita. Nikalichemsha, nikalimenya, nikampelekea Mama, ambaye kwa umri wake wote hajawahi kuonja yai. Wanaume wamesimama mlangoni wanatazama. Alilishika, akalinusa, akanitazama mimi, kisha akalila lote polepole. Akapangusa midomo.

“Kesho,” akasema, “mniletee na chumvi.”

Mungu akulinde katika baridi hiyo na akurudishe kwetu na akili zako zote.

Ni mimi dada yako anayekupenda, na leo anatembea kichwa juu,

Kokuberwa