Plasta Niliyoibandua Mwenyewe

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kasulu hatujambo. Bibi yako anavuna maharage na anakusalimu. Unauliza kama usaini mchoro wa kupiga plasta ya saruji kanisa la zamani, kwa kuwa wakubwa wa ofisi yenu wameng'ang'ania.

Nikiwa fundi kijana, niliipiga plasta kama hiyo mimi mwenyewe kwenye kanisa letu la matofali na udongo. Mvua zilipokuja, maji yakanasa nyuma ya saruji, matofali yakaanza kumeguka. Nikapanda ngazi na nyundo, nikaibandua yote. Mzee wa kanisa akafoka, "Nani kakutuma?"

"Ukuta."

Wakanifukuza kazi. Kina mama wakaja na udongo wa kichuguu, wakaukandika ukuta upya. Umesimama mpaka leo.

Usisaini, mama. Wakikufukuza, rudi nyumbani. Nyundo bado ninayo.

Babu yako